Herufi Isiyosema

Ilikuwa maki moja tu, na nilimkata.
Mize binti Faki, darasa la sita, skuli ya Limbani,
aliandika *rite* pahala pa *write*,
na mimi, baada ya madaftari arubaini na mbili,
nikapiga mkwaju mmoja wa kalamu nyekundu
hata karatasi ikachanika.

Akaja nalo mezani. Hakulia.
"Mwalimu, hii dabliu haisemi kitu.
Kama haisemi, yafanya nini pale mbele?"

Darasa likanyamaza kunisikiliza.
Nikasema: ndivyo ilivyo, kaa kitako.
Miaka kumi na tisa nasomesha,
na jawabu langu bora ni kaa kitako.

Usiku umeme ukakatika Wete nzima.
Kwa tochi ya simu nikafungua kamusi,
ile nene niliyoachiwa na mkaguzi aliyestaafu;
mchwa wameshaila A hadi D,
W bado salama.

Kumbe ilisema, zamani.
Wenyewe walikaza midomo
kama mtu anayepuliza chai ya moto,
pumzi ikatangulia, ulimi ukafuata.
Na neno lenyewe halikuwa wino, wala karatasi.
Lilikuwa kukwaruza:
ncha ya chuma juu ya mbao, juu ya mfupa, juu ya jiwe.
Kwa Wajerumani, jamaa wa ukoo huo,
ndugu wa neno hili hadi leo maana yake
ni kuchana.

Kuchana!
Basi siku ile mimi ndiye niliyeandika barabara,
kwa Kiingereza cha kale kabisa.

Mama akaita kutoka uwani:
"Weye! Andika chakula, dagaa wanapoa."

Nikasimama na mkeka mkononi.
Andika.
Mara ngapi nimetumwa hivi tangu utoto
nisilisikie neno?
Sahani hapa, bakuli la mchuzi pale,
ndimu, chumvi, maji ya kunawa,
kila kitu pahala pake, mtu akija akute.
Na kombe la marehemu bibi:
zafarani juu ya sahani nyeupe,
aya imezunguka ukingo,
halafu marashi, halafu maji,
maandishi yakalegea, yakageuka rangi ya machweo,
na mgonjwa akayanywa hadi tone la mwisho.
Wale walikwaruza lisifutike.
Sisi twaliandika likanyweka.

Sijisifu.
Kuchana nasi twakujua, iulize kalamu yangu.

Asubuhi nikamweleza Mize yote,
chuma, mfupa, pumzi ya mbele.
Alisikiliza ukucha mdomoni.
"Basi," akasema, "ni kama sahani ya baba."

Sahani gani?

"Yuko Maskati, mwaka wa tatu huu. Hapigi simu.
Mama huandika sahani nne, twala watatu.
Hatumtaji. Lakini siku niliyoiacha kabatini
mama hakusema neno,
na chakula hakikulika."

Kamusi yangu haikuwa na ukurasa wa hilo.

Adhuhuri nikabaki ofisini.
Punje nne za wali wa kiporo kutoka kopo langu,
nikazivuruga kwa kidole, nikaupaka ule mpasuko,
nikaubana, nikaanika daftari dirishani.
Nje, ukingoni mwa lami, watu wameanika karafuu,
na harufu yake ikaingia bila hodi.
Maki sikumrudishia. Kosa ni kosa.
Ila pembeni, kwa penseli, polepole isikwaruze,
niliweka W moja, peke yake,
na nafasi pande zote.

Jumatatu akanyoosha mkono kabla sijafuta ubao.
"Na K ya *knife*, mwalimu,
hiyo nayo imesafiri wapi?"